Kazi ni yako, mshahara ni wetu

Asalaam aleikum Shangazi,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Leo nimeamka kabla ya alfajiri, watoto bado wamelala, basi nitaiandika mpaka iishe.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Mkomani, Lamu. Nimeolewa na nina watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine minne. Naishi orofa ya juu ya nyumba ya mamangu, kama ilivyo ada yetu kwamba binti akiolewa hupewa pa kukaa kwao. Nyumba ya pili, ng'ambo ya kichochoro, akapewa mdogo wangu. Nyumba hizo mbili zimeunganishwa na wikio, lile daraja la juu ya kichochoro, kwa hiyo watoto wetu hata hawajui nani analala wapi. Hutoka kwangu miguu mitupu, wakapita juu ya vichwa vya watu na punda, mara wako kwa mama mdogo wao.

Nafanya kazi katika hoteli moja ya Shela, huu mwaka wa kumi na moja. Nilianza kwa kukunja taulo. Sasa niko ofisini, kwenye hesabu na kupanga vyumba vya wageni. Naondoka na boti la saa kumi na mbili na nusu asubuhi, narudi magharibi. Msimu ukipamba moto, Disemba na Januari, narudi baada ya isha. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, huvuka kila siku kwenda Mokowe. Ni mtu mpole, hana kelele.

Shangazi, mambo mawili yamenifika karibu karibu.

La kwanza ni msiba. Disemba iliyopita ami yangu alifariki. Ni ndugu yake baba, baba mmoja mama mmoja, na baba alipotutoka mimi nikiwa darasa la tano, ami ndiye aliyenisomesha na ndiye aliyeniozesha. Simu iliingia saa nne asubuhi, maziko ni baada ya adhuhuri. Nikaenda kwa meneja. Ni mzungu, na siku zote amekuwa mtu mwema, siwezi kumsingizia. Akafungua faili akanionyesha mstari: ruhusa ya msiba ni kwa mzazi, mume au mke, na mtoto. Akaniuliza, "Aliyefariki ni baba yako?" Nikamwambia ndiyo. Akatazama faili tena, akasema, "Hapa imeandikwa baba yako alifariki zamani." Nikamjibu huyo ni baba mwingine. Wallahi Shangazi, nilipojisikia nikiyasema hayo kwa Kiingereza nilijiona mwongo, na uongo sikusema.

Nikaondoka. Boti sikupata, nikashika njia ya pwani maji yakijaa, viatu mkononi, buibui limelowa hadi magotini. Nilipofika jeneza limeshatoka. Siku ya nne niliporudi kazini nikapewa barua ya onyo. Na nyumbani nilikuwa nimeshapewa yangu. Mdogo wangu, mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani, alisema, "Huyu ni wa Shela sasa, kwetu huja kama mgeni." Mama hakumkanya. Usiku aliniambia tu, "Mwanangu, kazi ni yako. Mauti ni yetu sote."

La pili ni la kheri, au ndivyo nilivyodhani. Mwezi wa pili meneja huyo huyo aliyeniandikia onyo akanipendekeza niwe meneja msaidizi. Mshahara utatoka shilingi 41,000 uwe 60,000. Ila msimu wa wageni itanibidi nilale hotelini siku mbili kila wiki. Kabla ya yote wakanipeleka Nairobi, semina ya siku tatu. Siku ya kwanza mwalimu wa semina, mama mmoja nadhifu sana, akatugawia karatasi: andika sentensi kumi zinazoanza na "Mimi ni". Wenzangu wakaandika kwamba wao ni wabunifu, ni watu wa bidii, ni wapenda changamoto. Mmoja akaandika yeye ni simba. Karatasi yangu ninayo mkobani hadi leo, nakunakilia ilivyo:

Mimi ni mama wa watoto wawili. Mimi ni binti wa mamangu. Mimi ni mke wa mwalimu. Mimi ni mtoto wa marehemu ami. Mimi ni Mwislamu. Mimi ni mtu wa Mkomani. Mimi ni mkwe wa watu wa Siyu. Mimi ni mjukuu wa nahodha. Mimi ni mfanyakazi wa hoteli. Mimi ni hodari wa hesabu.

Mwalimu akaisoma, akatabasamu, akauliza, "Na wewe mwenyewe uko wapi hapa?" Darasa likacheka. Nami nikacheka. Usiku ule sikulala.

Niliporudi nikamweleza mume wangu habari ya cheo. Akasema, "Amua mwenyewe, mimi niko pamoja nawe." Basi, akarudi kusahihisha madaftari yake. Mama akasema Mungu atajaalia. Mdogo wangu hakusema kitu. Yeye ndiye anayewavalisha watoto wangu asubuhi, na ndiye anayekaa nao wakitoka shule na madrasa, pamoja na wake watatu. Zamani akiuza mahamri mlangoni asubuhi, siku hizi hana nafasi. Watoto hawana taabu kwake, wanakula, wanaoga, wanalala, na kwa hilo nashukuru.

Pesa zangu hazina siri: karo ya watoto, dawa za sukari za mama, stima ya nyumba zote mbili, michango ya harusi na ya khitma. Nikisema naitaka kazi hii si kwa makuu. Lakini kuna siku niko pale ofisini, hesabu zimekaa sawa, upepo wa bahari unaingia dirishani, nafurahi. Na furaha hiyo ni yangu peke yangu, naiona kama nimeiiba.

Nikubali au nikatae? Jibu linatakiwa mwisho wa mwezi. Na yule mwalimu alinionaje hata akauliza niko wapi?

Binti wa Mkomani

SHANGAZI ANAJIBU

Waaleikum salaam mwanangu. Mungu amrehemu ami yako, na mpokee pole zangu nyote, pamoja na huyo mdogo wako.

Nitaanza na swali lako la mwisho, maana naona ndilo lililokunyima usingizi. Zoezi lile yule mama hakulitunga yeye. Liko tangu 1954, lilipotolewa na wanazuoni wawili wa Marekani, Kuhn na McPartland, isipokuwa wao walitaka sentensi ishirini. Na Kenya limeshafika zamani. Mwaka 1997 watafiti Ma na Schoeneman walichapisha matokeo ya kuwauliza swali hilo wanafunzi wa Marekani, wanafunzi wa chuo kikuu Nairobi, wafanyakazi wa Nairobi, Wamaasai na Wasamburu. Wamaasai na Wasamburu walijibu kama wewe: mimi ni wa fulani, ni wa ukoo fulani, nina nafasi hii kwa watu wangu. Wale wanafunzi wa Nairobi walijibu karibu sawa na Wamarekani, kila mmoja akazitaja sifa zake mwenyewe. Wafanyakazi wa mjini wakawa katikati.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Usirudi nyumbani ukasema hayo ni mambo ya wazungu na sisi Waafrika hatuko hivyo. Mwalimu wako ni Mkenya, na wewe ni Mkenya. Shule, mji, kazi na nyumba uliyolelewa ndivyo vinavyokufundisha mpaka wako unaishia wapi. Mwaka 1991 Hazel Markus wa Marekani na Shinobu Kitayama wa Japani walilieleza jambo hili vizuri: kuna anayejijua kuwa ni mtu kamili peke yake, halafu ndipo ana jamaa, na kuna ambaye jamaa wamo ndani ya kujijua kwake, ukiwatoa habaki mtu. Kila mmoja wetu ana chembe ya huku na chembe ya huko. Wewe mwenyewe, sentensi ya kumi ni ya Nairobi kabisa.

Kwa hiyo ukiulizwa tena uko wapi, sema: hapo hapo, mistari yote kumi. Mwalimu alikuwa akimtafuta mtu mmoja kwenye karatasi, akawakuta wengi, akadhani hakuna mtu. Kosa la kusoma tu, halina haja ya kukukosesha usingizi. (Na yule simba, ningependa kumsikia mkewe.)

Lakini mimi nina lalamiko langu kuhusu orodha yako, na si hilo la mwalimu. Nitalifikia.

Sasa habari ya ami. Umeniumiza uliposema ulijiona mwongo. Kwa Kiswahili hukudanganya hata neno. Ami ni baba, na aliyesimama akakuoza ni baba mara mbili. Kwa Kiingereza cha faili lile baba ni mmoja, akifa amekwisha. Meneja wako alisoma kilichoandikwa, nawe ulisoma kilichoko moyoni, na hakuna aliyekuwa akimfanyia mwenzake ubaya. Ndiyo maana mtu yule yule ameweza kukupa onyo Disemba na kukupendekeza Februari. Wewe unaona ajabu. Kwake yeye onyo lilikuwa la ile siku, na pendekezo ni la kazi yako ya miaka kumi na moja, na hayo mawili hayagusani. Kwetu mtu akikuandikia barua mbaya siku ya msiba, utamsalimia kwa shida mpaka Mfungo Sita.

Jambo la kujua ni hili. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, miezi mitatu ya uzazi, na baba wa mtoto wiki mbili. Ruhusa ya msiba haimo. Kwa hiyo nani ni "familia" na nani si familia ni suala la mkataba wako na kanuni za hoteli, na mkataba huandikwa na watu. Ule wa kwanza ulitia sahihi ukiwa na miaka ishirini na tano, ukikunja taulo, na nadhani hukuusoma. Huu wa pili usome. Kabla ya kuweka sahihi omba mistari miwili iongezwe: kwamba katika ruhusa ya msiba wamo mlezi aliyekulea na ndugu wa baba na wa mama, na kwamba kwa kuwa Waislamu huzika siku ile ile, taarifa ya simu inatosha, fomu itajazwa ukirudi. Mwambie hivyo hivyo, kwa upole. Kama wafanyakazi wenu wamo katika KUDHEIHA, chama cha kutetea wafanyakazi wa hoteli, muulize mwakilishi wenu mkataba wa pamoja unasemaje, huenda umeshapiganiwa jambo usilolijua. Na ile barua ya onyo, iandikie jibu fupi lenye tarehe, useme aliyefariki alikuwa nani kwako, uombe liwekwe kwenye faili. Siku nyingine atakayelifungua hatakuwa meneja huyu.

Hayo ya hoteli yamekwisha. Ya nyumbani ndiyo mazito, na hapo sheria haitatusaidia.

Wengi wangekwambia ugomvi wenu ni wa saa: punguza kazi, rudi mapema, mambo yatatulia. Wataalamu nao walianzia huko. Mwaka 1985 Greenhaus na Beutell waliandika kwamba kazi na nyumba hugombana kwa njia tatu: muda, uchovu, na zile tabia za kazini zinazokufuata mpaka jikoni. Sawa. Lakini Paul Spector na wenzake, katika utafiti uliotoka 2004, waliwalinganisha mameneja wa nchi za Kiingereza na wale wa China na Amerika ya Kilatini, wakaona kwamba saa nyingi za kazi na ugomvi wa kazi na nyumba vinafuatana zaidi kwa wale wa nchi za Kiingereza kuliko kwa hao wengine. Saa ni zile zile, uzito mbali. Inavyofikiriwa ni kwamba pale ambapo mtu akichelewa kazini watu wake husema "anatuhangaikia", kuchelewa huko hakuchomi sana. Huchoma pale wanaposema "anajihangaikia".

Sasa rudi kwenye maneno ya mama yako. "Kazi ni yako. Mauti ni yetu sote." Nimeyasoma mara nyingi. Stima ni yetu, dawa za sukari ni zetu, karo ni yetu, michango ni yetu. Mshahara ni wetu mpaka senti ya mwisho. Kazi tu ndiyo yako. Imekuwaje?

Umeniandikia kuwa wewe ni mjukuu wa nahodha. Nakuuliza, babu yako akiondoka na kusi na shehena ya boriti kwenda Arabuni, akarudi na kaskazi miezi kadhaa baadaye, kuna aliyesema "safari ni yako"? Alikosa maziko mangapi? Alikosa kuzaliwa kwa wanawe wangapi? Na hakuna aliyemwita mgeni, kwa sababu mji mzima ulilijua jina la jahazi. Wanawake walijua amepakia nini, watoto walijua upepo ukigeuka atakuja, na siku ya kuja walitoka kumpokea. Safari ilikuwa yao ingawa miguu ilikuwa yake. Wewe umekwenda Shela miaka kumi na moja, mwendo wa kutembea kwa miguu maji yakipwa. Mama yako amewahi kukiona kiti unachokalia? Anajua kwamba chumba kimoja kikipewa wageni wawili usiku mmoja wewe ndiye unayepigiwa simu? Nadhani anajua kuwa "uko hotelini". Hotelini ni mahali, si kazi. Mchukue siku moja mwezi wa tano, wageni wakiwa hakuna, mkae ofisini pako, anywe chai, aone zile hesabu. Hilo halihitaji ruhusa ya mkutano wala semina.

Nami nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Umeililia nyumba kwamba haikuelewi, lakini karatasi yako inasema wewe nawe kuna mtu humwoni.

Isome tena. Mama, binti, mke, mtoto wa ami, mkwe, mjukuu. Umemkumbuka babu aliye kaburini, ukawakumbuka watu wa Siyu. Wapi "Mimi ni dada"?

Yule mtu anawavalisha watoto wako kila asubuhi na kuwaogesha kila jioni, na katika mistari kumi ya kujieleza hakupata hata nusu. Umemtaja mwishoni kwa sentensi ya kupita: zamani akiuza mahamri mlangoni asubuhi, siku hizi hana nafasi. Mwanangu, nafasi ile ilichukuliwa na nani? Mahamri unga wake hukandwa usiku, alfajiri mafuta yako motoni, na wanunuzi wamekuja kabla ya saa moja. Boti lako ni saa kumi na mbili na nusu. Wakati wewe unashuka ngazi za gati, yeye anatafuta kiatu cha mwanao. Boti lile ndilo lililokula biashara yake.

Unaniuliza kuhusu ugomvi wa kazi na nyumba, na ugomvi huo upo kweli, ila wewe umeuona nusu. Kwako ulitulia miaka mingi kwa sababu ulivuka wikio ukaenda kukaa nyumba ya pili. Yeye pia alikuwa na kazi, nayo ikashindwa na nyumba, na nyumba iliyoishinda ni yako. Tena tafiti hizo nilizokutajia za mameneja hazingemfikia, kwa sababu huulizwa walio na ajira, naye akiulizwa na karani atajibu "sifanyi kazi, niko nyumbani tu".

Tunajisifu pwani nzima kwamba mkono mmoja haulei mwana. Ni kweli, na nakuombea usihamie mahali ambapo mkono ni mmoja. Lakini kuna siku ya kuutazama ule mkono wa pili ni wa nani na ulikuwa unashika nini kabla ya kumshika mwana wako. Kule kujijua kwetu kwa "sisi" kuna utamu na kuna kivuli. Mwenye mipaka yake peke yake huomba msaada na hujua ameomba. Sisi hatuombi, kwa sababu mtu haombi mkono wake mwenyewe, na mkono wako mwenyewe huulizi kama umechoka.

Najua ninachokisema. Nilipokuwa nauza leso Mombasa, wanangu walilelewa na wifi yangu miaka saba. Kila mfungo nilimpelekea doti moja nzuri, nikaona tumelipana. Siku moja nimemfungulia mpya, akaitazama, akasema taratibu, "Leso ninazo arubaini." Hakusema jingine. Mpaka leo nikifunga leso yenye maua mekundu hunirudia sauti yake.

Kwa hiyo aliposema wewe ni wa Shela, sidhani alikuwa akisema kuhusu maziko. Wewe ulipita baharini ukalowa magotini, wenye macho waliona. Alisema pale kwa sababu pale ndipo alipopata watu wa kumsikiliza.

Usimlipe kama yaya, atakutupia pesa usoni na nitakuwa upande wake. Mwulize anataka nini, kisha unyamaze mpaka ajibu. Labda anataka asubuhi zake zirudi. Hapo ndipo zile 19,000 zinazoongezeka zina maana: sehemu yake iwekwe kando kwa jina lake kabla ya stima na kabla ya michango, ya kumpata binti wa kusaidia alfajiri, au ya unga na mafuta ya kuanzia. Nilifikiria pia kwamba hoteli yenu inawapa wageni kifungua kinywa na mahamri hununuliwa mahali. Lakini usianze na hilo. Ukianza na hilo utakuwa umemfanya mtu wako wa kazi, tena utahitaji kumwambia meneja waziwazi kuwa ni nduguyo. Liache mpaka alitaje yeye.

Mume wako. "Amua mwenyewe" yake imekukaa vibaya, naona kwenye barua, maana umetaja mpaka madaftari. Wewe unapoachiwa uamuzi unahisi umeachwa. Yeye huenda alidhani anakupa heshima kubwa kuliko zote, na wanaume wa namna hiyo si wengi, usimtupe. Ila swali la "nikubali au nisikubali" humpa nafasi ya kukubariki na kurudi kwenye madaftari. Muulize hivi: "Jumanne na Jumatano nikilala Shela, nani atamvalisha huyu mdogo asubuhi?" Mwalimu anayevuka kwenda Mokowe ana dakika ishirini za kumfunga mtoto vifungo. Watoto wana baba, na mpaka hapa katika habari ya kuwatunza sijamsikia akitajwa.

Ile furaha ya ofisini hukuiiba popote. Nahodha naye alipenda bahari, akafa akiipenda, na watu wake walikula kwa mapenzi hayo. Ungekuwa unaichukia kazi hiyo na kuivumilia kwa ajili yao ningekuwa na hofu zaidi.

Jibu langu ni ukubali. Lakini uende kwa meneja ukiwa umeshakaa na watu watatu: mdogo wako kwanza, halafu mume, halafu mama. Usibadili mpangilio huo, mama ukianza naye atatoa amri kwa wote na mdogo wako atanyamaza tena. Mdogo wako akisema hawezi kuongezewa usiku mbili, basi hawezi. Usimsukume kwa jina la udugu. Mwombe meneja cheo kianze miezi wageni walipopungua, usiku wa kulala huko uanze msimu ujao mkiwa mmeshajipanga. Mtu aliyekungoja miaka kumi na moja atakungoja mpaka Julai.

Leo usiku, watoto wakishalala, pita wikioni uende kwake. Uende peke yako, usiwe umefuata mtoto wala sufuria. Na usichukue leso.